Uzi wa vyakula vya kutisha vya Halloween: kitishe machoni, mdomoni kiwe kitamu

#1 Mwanzisha uzi (Houston)

Wadau wa jikoni habari za siku. Oktoba ndo hiyo inakatika na kwenye magrupu yetu ya wamama wa huku Marekani swali ni lile lile, mtoto kaomba party ya Halloween, kashaalika wenzie, mama hajui aanzie wapi, akifungua simu anakutana na mapicha ya keki za mafuvu zilizopambwa na mtu aliyesomea hiyo kazi, anakata tamaa anaagiza pizza. Mimi nimefanya hizi party miaka sita mfululizo hapa nyumbani, mwaka huu nina watoto 14 kuanzia miaka mitatu mpaka kumi na moja, na tarehe 31 wanakula kwangu kabla hawajatoka kugonga milango ya watu kuomba pipi. Nimeona niandike yote ninayoyajua hapa, mwenye kuongeza aongeze, mwenye swali aulize, ntakuwa narudi kila nikipata nafasi.

Nianze na jambo moja ambalo kwangu ndo msingi. Mwaka wa kwanza nilipania sana. Nikaoka keki ya tabaka tatu na aisingi nyeusi tii, nikamaliza kichupa kizima cha rangi maana siagi nyeupe ukitaka iwe nyeusi inameza rangi mpaka uchoke, ikawa nyeusi kweli ila chungu, watoto wakaonja vijiko viwili viwili wakaacha, ndimi nyeusi, meno meusi, kamoja kadogo kakajiona kwenye kioo cha bafuni kakaanza kulia kwa hofu kabisa mpaka mama yake akaja kukachukua mapema. Keki yote nilitupa na roho iliniuma sana. Toka siku ile sianzi na picha. Naanza na hawa watoto wanakula nini siku zote, alafu ndo natafuta sura ya kukivalisha. Anayependa soseji atakula soseji hata iwe na macho mawili inamwangalia, asiyependa yai hatolila hata ulipambe vipi.

Sasa twende. Cha kwanza, soseji za mumiani. Wazungu wanaita kwa yule maiti wa Misri aliyezungushiwa vitambaa, sisi neno tunalo na wengi tulitishiwa nalo utotoni, usizurure usiku mumiani watakunyonya damu. Mimi situmii ule unga wa kwenye kopo wa dukani, nakanda mwenyewe kama wa skonzi: unga vikombe 3, maziwa ya vuguvugu kikombe 1, hamira vijiko vidogo 2, sukari kijiko kikubwa 1, siagi vijiko vikubwa 2, chumvi kidogo. Ukishaumuka unasukuma kama chapati nene kidogo, unakata vipande virefu vyembamba kama utepe wa upana wa sentimita moja. Soseji zifute maji kabisa na tishu, hapa ndo wengi wanakosea, soseji ikiwa na maji unga unateleza unajifungua wenyewe ndani ya oveni. Zungusha utepe ovyo ovyo, usiupange vizuri, ukipishana ndo unaonekana bandeji ya zamani, na karibu na ncha ya juu uache nafasi ya kidole kimoja pawe uso. Oveni 375 za Fahrenheit, yaani kama 190 za Selsiasi, dakika 15 mpaka 18, ukiona imekuwa rangi ya andazi toa. Macho weka zikishapoa kidogo, nukta mbili za mayonezi na juu kapunje ka zeituni nyeusi. Ukiweka macho zikiwa za moto yanayeyuka yanatiririka.

Cha pili ambacho ndo nakipenda kuliko vyote ni egg chop yetu ile ile ya nyumbani. Sijui kwa nini hatukuliona hili mapema. Chemsha mayai dakika 10, na zile dakika mbili za mwanzo uwe unayageuza taratibu na kijiko ili kiini kikae katikati. Yatumbukize kwenye maji ya barafu, menya, vika nyama ya kusaga iliyokolea tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, chovya kwenye yai, viringisha kwenye chenga za mkate, kaanga kwa moto wa wastani mpaka nyama iive vizuri ndani. Ukilikata katikati, wadau, ni jicho! Kiini ndo mboni, weupe ndo weupe, nyama ndo nyama inayozunguka jicho. Unaweka kiduara cha zeituni nyeusi katikati ya kiini, alafu chukua kijiti cha meno chovya kwenye tomato sosi uchore vimstari vyembamba vya kwenye weupe kutoka pembeni kuja katikati, kama jicho la mtu asiyelala siku tatu. Usichore vingi, vitano sita vinatosha, vikizidi linakuwa yai lenye sosi tu.

Ngoja nikamchukue mtoto shule, narudi na vidole vya mchawi.

#2 Mdau (Dar es Salaam)

Dada asante sana kwa uzi. Mimi nipo Dar, shule anayosoma mwanangu wazungu ni wengi na wametoa tangazo kila mzazi alete kitu cha kula cha kutisha. Oveni sina, nina jiko la gesi plate mbili na friza. Nifanyeje? Alafu bajeti isiwe kubwa, hizo bluberi na zeituni huku bei yake unaijua.

#3 Mdau (Mwanza)

Samahani naomba niseme la moyoni. Sisi kwetu uchawi sio mchezo, kuna wazee wameuawa kwa kusingiziwa, leo tunawavalisha watoto kofia za wachawi na kuwalisha vidole. Sioni faida yake.

#4 Mwanzisha uzi

#3 kaka nimekusoma na hilo nalichukulia kwa uzito wote, wanawake wazee wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wameteseka sana kwa hizi tuhuma na mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa, najua. Ndo maana kwangu nyumbani simchekeshi mtoto kwa kumwonyesha bibi kizee. Nakaa kwenye buibui, popo, mizuka, mumiani, macho, na hivyo vidole nawaambia ni vya zimwi la kwenye hadithi. Kuhusu asili yake, jina lenyewe limetokana na mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba ambayo Wakatoliki wote tunaijua, na kabla ya hapo Waairishi na jirani zao walikuwa na sherehe yao ya kufunga mavuno kuingia majira ya baridi. Ila kama imani ya mtu haimruhusu, hilo sibishani nalo hata kidogo, kuna shule nyingi huku zinaita sherehe ya mavuno na zinaweka maboga tu bila mizuka.

#2 dadangu, tena wewe una bahati, vingi havitaki oveni. Egg chop ni ya kukaanga. Zeituni achana nayo, tumia punje ya pilipili manga au kipande cha zabibu kavu. Ndizi: chukua ndizi mbivu ila ngumu ngumu, kata katikati, simamisha upande wa kukata chini, ile ncha ndo kichwa cha mzuka, pakaza ndimu kidogo zisigeuke nyeusi, viringisha kwenye mtindi mzito, weka friza masaa mawili, macho ni zabibu kavu. Machenza: menya, toa zile nyuzi nyeupe vizuri, chomeka kijiti cha kijani juu, hata bua la mchicha lililooshwa linafaa, tayari una boga dogo. Hapo hujatumia hela nyingi na kila mtoto anakula.

#5 Mdau (Mombasa)

Mashallah dadangu umetufungua macho. Sisi hatufanyi Halloween ila mwanangu kazaliwa Oktoba akataka bathdei ya madubwana, nikafanya kaimati. Unga wake ni ule ule, unaudondosha kwenye mafuta vitonge vidogo vidogo vya mviringo, ukimaliza badala ya shira nyeupe nilitia shira rangi nyekundu na arki ya waridi, nikadidimiza zabibu kavu moja moja juu ya kila kimoja. Macho ya jini hayo! Sinia limeisha kabla keki haijakatwa. Na mabuyu usisahau, yale mekundu ya pilipili, ukiyamwaga kwenye bakuli la kioo yanafanana na sijui moyo wa ndege sijui nini, na ndimi zao zote nyekundu lakini hakuna aliyelia kwa sababu mabuyu wameyazoea.

#6 Mwanzisha uzi

Shoga umenimaliza na hayo macho ya jini, kaimati naziingiza kwenye listi sasa hivi. Na ulichosema cha mabuyu ndo ninachokisema mimi, walichokizoea hakiwatishi mpaka kukataa kula.

Haya vidole. Siagi gramu 225 iwe laini, sukari ya aisingi gramu 120, yai 1, vanila, unga gramu 350, beking pauda kijiko kidogo 1, chumvi kidogo. Changanya, funika, weka friji nusu saa, usiruke hii hatua maana unga wa moto ukiingia kwenye oveni vidole vinatambaa vinakuwa biskuti bapa. Viringisha vijiti vyembamba, vyembamba kuliko unavyodhani, kama nusu ya kidole chako cha mwisho, kwa sababu vinavimba. Binya sehemu mbili pawe na vifundo, alafu kwa kisu butu kwaruza vimistari vitatu juu ya kila kifundo. Ukiangalia kidole chako mwenyewe sasa hivi utaona ngozi inavyojikunja pale, fuata hivo hivo. Kucha wengi wanaweka lozi, mimi naweka mbegu ya boga na sababu ntaisema chini. Oveni 325 Fahrenheit, kama 165, dakika 20 hivi, vikianza tu kugeuka rangi pembeni toa, vikiwa vya kahawia vinapoteza ile sura ya mtu. Vikipoa ng'oa kucha, tia jemu nyekundu kidogo chini yake, rudisha. Jemu inatoka pembeni kama damu.

Macho mengine ni shokishoki. Huku zinauzwa za kopo kwenye maduka ya Waasia, zimeshamenywa na kutolewa kokwa, unachuja shira, pale palipokuwa na kokwa unachomeka bluberi moja. Hilo halina kazi yoyote, watoto wangu wenyewe ndo wanaochomeka.

Lakini hapa nisimame kidogo kwenye usalama. Soseji nzima, zabibu mbichi na haya mashokishoki ni vitu vya mviringo vinavyoteleza, na ndo vile vile madaktari wa watoto wanavyoonya kila siku kwamba vinamkaba mtoto chini ya miaka minne. Kwa hiyo mumiani za wadogo nazitengeneza tofauti, soseji naikata kwa urefu mara nne kwanza kisha vipande vifupi, na unga nawapa pembeni kama kifimbo cha bandeji. Zabibu nazo kata nne kwa urefu. Sinia la wadogo liwe peke yake kwenye meza fupi, usichanganye, maana mkono wa mtoto wa miaka mitatu haujui kusoma maelekezo.

#7 Mdau (Dublin)

Nipo huku Ireland ambako mambo yenyewe ndo yalianzia na nimependa ulivyolieleza. Huku zamani walikuwa hawachongi boga, wanachonga tanipu, ile mboga ya mizizi, inatisha kuliko boga kwa sababu ikikauka inajikunja kama uso wa maiti. Wahamiaji wao ndo walipofika Marekani wakakuta maboga, laini kuchonga na makubwa, wakahamia huko. Na chakula chenyewe cha Halloween cha kizamani hapa wala hakina macho wala vidole, ni viazi vya kuponda vilivyochanganywa na sukuma au kabichi, na siagi kisima katikati. Nilivyopewa mara ya kwanza kwa jirani mimi Mkenya nikasema huyu kanipikia mukimo! Halafu kuna mkate wa zabibu kavu unaitwa barmbrack, ndani wanaficha pete, ukiipata kipande chako wanasema utaolewa mwaka huo. Mwambie mwenye watoto wadogo asiweke pete kwa kweli, ila viazi vya kijani vinaweza kuwa kinamasi cha zimwi.

#8 Mdau (Toronto)

Maswali mawili mkuu. Moja, nataka buns nyeusi za baga, nimeona watu wanatia unga wa mkaa wa dukani, ule wa dawa. Mbili, ule moshi unaofuka kwenye juisi wanaufanyaje?

#9 Mwanzisha uzi

#7 asante sana, kinamasi cha viazi na sukuma kinaingia mezani na egg chop nazipanga juu yake kama macho yanachungulia kwenye matope. Umeniokoa, nilikuwa sina wanga zaidi ya ule unga wa kwenye soseji.

#8 mkaa usitie. Huo mkaa wa dawa hospitali wanautumia kwa mtu aliyekunywa sumu kwa sababu unanasa vitu tumboni, sasa haujui kutofautisha sumu na dawa. Mtoto wa mgeni wako anaweza kuwa anatumia vidonge vya kifafa au vya moyo hujaambiwa, mama mwingine yupo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, wote dawa zao zinaweza kupunguzwa nguvu. Jiji la New York lilipiga marufuku kuuza vyakula vyenye huo mkaa mwaka 2018. Ukitaka weusi anza na kitu ambacho tayari ni cheusi. Aisingi anza na ya chokoleti, tia rangi nyeusi kidogo tu, funika ilale mpaka kesho, rangi inakolea yenyewe usiku. Ningelijua hili mwaka ule keki yangu isingetupwa. Kwa buns, kuna kakao nyeusi inauzwa, vijiko viwili vikubwa kwenye vikombe vitatu vya unga na rangi kidogo, inatosha.

Moshi ni barafu kavu, gesi ya kaboni dioksaidi iliyogandishwa, ubaridi wake ni nyuzi 78 chini ya sifuri za Selsiasi. Supamaketi nyingi za huku wanauza kwa uzito. Ni nzuri lakini iheshimu. Usiishike kwa mkono mtupu, inaunguza ngozi kama moto. Usiifungie kwenye chombo kisichopumua, inapanua gesi chombo kinapasuka. Ukiibeba kwenye gari fungua vioo. Na kubwa kuliko yote, isiingie kwenye glasi ya mtu wala kwenye juisi yenyewe, kipande kikimezwa kinaunguza tumbo. Mimi naweka bakuli kubwa nje, ndani yake bakuli dogo la juisi, barafu kavu na maji ya moto vinakaa kwenye lile la nje tu, moshi unapanda unashuka mezani na juisi haijaguswa. Nakaa pale mwenyewe mpaka imalizike, simwachii mtoto mkubwa aniangalizie.

Juisi yenyewe ni rozela, wengine mnaiita choya. Hapa Texas nanunua kwenye maduka ya Wameksiko maana nao wanainywa sana. Chemsha na tangawizi na mdalasini, chuja, tia sukari na ndimu, ni nyekundu ya damu bila tone la rangi ya dukani. Mkono unaoelea: chukua glavu ya mpira ya jikoni isiyo na unga ndani, ioshe ndani nje mara mbili, jaza maji yenye juisi kidogo, funga kifundo, weka friza siku nzima. Kuitoa usiivute, kata na mkasi kuanzia kwenye kifundo ukibandua taratibu, vidole vya barafu vinakatika haraka sana. Mpira nao kuna watoto unawadhuru, uliza wazazi kwanza, na kama una wasiwasi mimina kwenye trei za barafu tu.

#10 Mdau (Minneapolis)

Dada hapo ulipotaja wazazi naomba nishikilie. Mwanangu ana aleji ya karanga na lozi, na miaka mitatu ya mwanzo huku alikuwa anakaa pembeni kwenye kila party na kijitabu cha kuchora. Tafadhalini nyote mnaosoma, ulizeni kabla. Kuna nyumba zinaweka nje boga lililopakwa rangi ya bluu ya kijani, maana yake hapo kuna zawadi zisizo chakula kwa mtoto mwenye aleji, mpango ulianzia Tennessee mwaka 2012 na sasa mitaa mingi utaliona. Nilipoliona mara ya kwanza mlangoni kwa mtu nisiyemjua nililia barabarani. Kingine jelatini, sisi Waislamu tunaangalia sana, nyingi ni ya nguruwe.

#11 Mwanzisha uzi

Mama, hii post yako nimeisoma mara mbili. Ndo sababu kucha zangu ni mbegu za maboga na sio lozi. Na ufuta nao sasa huku umeingizwa rasmi kwenye orodha ya vyakula vya aleji vinavyotakiwa kuandikwa kwenye pakiti, toka Januari 2023, kwa hiyo buns zenye ufuta juu nazo angalieni. Mimi kila sinia naweka kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono kina nini ndani, na kile cha mtoto mwenye aleji nakipika kwanza kabisa jiko likiwa safi, nakifunika naweka juu ya friji.

Jelatini natumia ya ng'ombe ya halali, ipo kwenye maduka ya Waarabu, na soseji zote kwangu ni za ng'ombe za halali maana nusu ya wageni ni Waislamu na sitaki mtoto aulize ulize. Minyoo: mirija ile ya kujikunja, ivute yote irefuke, ifunge mingi pamoja na raba, isimamishe imebana kwenye glasi ndefu. Jeli nyekundu iwe nzito mara mbili ya kawaida, tia krimu kidogo na tone la kijani inakuwa rangi ya udongo, ikishapoa imimine kwa juu, friji usiku mzima. Asubuhi kila mrija unaupitisha kwenye maji ya vuguvugu sekunde chache unasukuma kwa vidole kutoka juu, mnyoo unatoka na zile pingili za mrija mwilini. Hiyo ni kazi ya mikono, inachukua saa nzima, ila ndo kitu pekee watoto wakubwa wanachokiulizia kila mwaka.

#12 Mdau (London)

Na ile mizuka myeupe ya ute wa yai? Nimeona wengi wanaisifia.

#13 Mwanzisha uzi

Kwako London ukiwa na hita imewashwa na hewa kavu ndani itakutoka vizuri. Ute wa mayai 4, sukari gramu 200 unaongeza kijiko kimoja kimoja, matone ya ndimu, piga mpaka ukigeuza bakuli haidondoki, minya vimlima, oveni 200 Fahrenheit, kama 95, saa moja na nusu, zima acha ipoe humo humo. Mimi nimeacha. Houston tupo karibu na Ghuba ya Meksiko, hewa ina maji muda wote, sukari inavuta unyevu, nilitoa mizuka 40 mikavu inalia kama bilauri, baada ya saa mbili imelowa inanata kwenye vidole. Kama mnakaa Dar, Mombasa au Zanzibar msijisumbue, kaeni na mizuka ya ndizi.

#14 Mdau (Nairobi)

Lile boga mnalochonga, nyama yake mnatupa? Inaniuma nikiangalia.

#15 Mwanzisha uzi

Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na nyuzi, hayana utamu, ila mbegu zake siachi hata moja. Naosha, nakausha, chumvi na mafuta kidogo, oveni mpaka zianze kudata. Kwa kula nanunua yale madogo mazito ya mviringo, huku wanayauza kama ya kutengenezea pai, nakata vipande napika boga la nazi, tui zito, iliki, sukari kidogo, kama ya futari. Boga likishachongwa na kukaa nje na mshumaa siku mbili tatu usililishe watu, limeshaanza kuoza kwa ndani. Kama unataka kulitumia mezani chonga siku hiyo hiyo, weka bakuli safi ndani ya mdomo, alafu mwaga parachichi lililopondwa na kachumbari limwagike kutoka mdomoni kuja kwenye sinia. Boga limetapika! Hapo wavulana wa miaka tisa wanapiga kelele mpaka majirani wanasikia.

Na kwa wanaoanza, usifanye vyote. Chagua vitatu vya chumvi, viwili vitamu, juisi moja. Minyoo, vidole na mkono wa barafu vinafanywa siku moja au mbili kabla. Nyama na mayai ni siku hiyo, na visikae mezani zaidi ya masaa mawili, kukiwa na joto la nyuzi 32 za Selsiasi kwenda juu ni saa moja tu. Mimi natoa nusu, nusu inabaki friji.

#16 Mwanzisha uzi

Wadau mrejesho, ni tarehe 1 asubuhi, jikoni bado kuna bandeji za unga sakafuni. Walikuja 13, mmoja aliumwa nimempelekea kisahani chake mlangoni.

Kilichoisha kwanza ni kaimati za dada wa Mombasa, dakika kumi hazikufika, nilipika 60. Mumiani zilibaki tatu. Minyoo waliimaliza wakubwa. Kinamasi cha viazi na sukuma nilijua kitabaki, kumbe kwa sababu macho yalikuwa yamepandwa ndani yake kila aliyechota jicho alichota na matope, na mama mmoja ameniambia mwanae hajawahi kula sukuma toka aje huku. Vidole nilitoa 48, vimebaki vinane na nimegundua wengi walikula wakaacha kucha, mwakani ntazikaanga mbegu kwanza. Shokishoki hazikupendwa kabisa, wakubwa walizichezea wakaziacha, mwaka ujao sinunui.

Alafu kulikuwa na binti wa miaka minne, wameingia mwezi wa nane kutokea Kigoma, Kiingereza bado, amekaa mlangoni kwenye sketi ya mama yake anaangalia yale macho na midomo imemtetemeka. Nikachukua egg chop moja nikaenda nayo kwenye kona, nikapangusa ile sosi na zeituni mbele yake, nikamuuliza hii ni nini. Akaiangalia muda mrefu. Akasema, "Egg chop." Akaila yote. Akarudi mezani mwenyewe akaonyesha kwa kidole lingine, na hilo alilitaka likiwa na jicho lake.